Kampuni ya Google na Usanifishaji wa Kiswahili

Mwezi wa Januari mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake ya kusimamia tahajia, kamusi, na vitabu vya Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika, na Unguja. Kamati hiyo ilikuwa na katibu na mikutano, na maamuzi yake yaliandikwa, hata asiyeyapenda aliweza kuyasoma na kuyajibu. Manung'uniko hayakukosekana, hasa kutoka kwa watu wa Mombasa na Lamu, walioona lahaja zao zimewekwa kando baada ya Kiunguja kuteuliwa mwaka 1928. Walakini mwenye kunung'unika alijua amnung'unikie nani. Kazi ile ilirithiwa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964, na upande wa serikali ya Tanzania likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Leo amezuka msanifishaji mwingine ambaye hakuteuliwa na mkutano wowote. Maneno yake husomwa kila siku na kila mwenye simu iliyowekwa Kiswahili, nayo makao yake makuu yako Mountain View, katika California. Yafaa kwa hiyo wanafunzi wa lugha waijue kampuni ya Google kama walivyozoea kuwajua watunga kamusi: asili yake, riziki yake, namna ya kazi yake, na mipaka ya mamlaka yake.

Google ilianza mwaka 1998 kwa mikono ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Jina lake limetokana na neno la wanahisabati lenye maana ya tarakimu moja ifuatwayo na sufuri mia. Fikira iliyoipa nguvu ilikuwa ya kiuanazuoni, wala si vigumu kuieleza. Wanazuoni hukipima kitabu kwa wingi wa watu wakitajao katika maandishi yao, na kwa heshima ya hao wakitajao. Vivyo hivyo Page na Brin waliupima ukurasa wa intaneti kwa viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, na kwa uzito wa kurasa hizo. Mitambo iliyotangulia ilitazama zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe, na mwenye hila aliweza kulirudia neno moja mara mia ili aonekane wa kwanza. Njia mpya iliyaweka majibu katika mpangilio ulio bora kuliko ule, na watu wakaifuata.

Mwenye kuuliza halipi kitu. Riziki ya kampuni hutoka kwa wafanya biashara, ambao tangu mwaka 2000 wamekuwa wakinunua nafasi za matangazo kando ya majibu. Na bei ya nafasi hizo hupatikana kwa mnada ufanyikao katika nukta moja, wakati ule ule mtu anapouliza. Katika mwaka 2024 kampuni mama, iitwayo Alphabet, ambayo iliundwa mwaka 2015, ilipata mapato ya dola za Kimarekani bilioni 350, na zaidi ya robo tatu za fedha hizo zilitokana na matangazo. Huo ndio mzizi wa mambo mengi yatakayoelezwa hapa. Auzaye mafuta huhitaji visima. Auzaye matangazo huhitaji macho ya watu, pamoja na habari za tabia na haja zao, na vitu hivyo havipatikani kwa lugha wasiyoifahamu. Kwa hiyo juhudi ya Google katika lugha nyingi za dunia haikuwa sadaka, wala haikuwa njama. Ilikuwa biashara, na biashara hufika pale ipatapo faida na hukoma pale isipoipata.

Kukua kwake kulikuwa kwa haraka. Ilinunua mfumo wa simu uitwao Android mwaka 2005, na YouTube mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65. Ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2007, na maabara ya uchunguzi wa akili bandia Accra mwaka 2019. Kutoka China iliuondoa mtambo wake wa kutafuta mwaka 2010, baada ya kugombana na serikali juu ya kuchujwa kwa majibu. Mfumo wa Android hutolewa bila malipo kwa watengenezaji wa simu, na kwa sababu hiyo ndio uliozagaa zaidi katika simu za Afrika. Lakini kitolewacho bure kilikuwa na masharti yake. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa kuwalazimisha watengenezaji hao kuweka mtambo wake wa kutafuta ndani ya simu, na mahakama ya Ulaya ilipoipunguza faini hiyo mwaka 2022 ilipungua kidogo tu, ikawa bilioni 4.125. Huko Marekani nako, mwezi wa Agosti mwaka 2024, hakimu wa Washington aliamua kwamba kampuni imehodhi biashara ya utafutaji kinyume cha sheria. Hukumu ya marekebisho, iliyotolewa mwaka 2025, haikuilazimisha kuuza kitu, ila ilikataza mikataba ya kuwafungia wengine nje.

Watu huyasema mambo ya intaneti kana kwamba yanaelea hewani, na neno *wingu*, litumiwalo sasa kwa ghala za habari, limezidisha dhana hiyo. Kwa kweli ni mambo ya chuma, maji, na nyaya. Huko Hamina, katika Finland, Google ilinunua kiwanda kikuukuu cha karatasi mwaka 2009 na kukifanya ghala la mitambo linalopozwa kwa maji ya bahari. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, ilidhihirika kwamba mitambo yake ilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji katika mwaka 2021, nayo habari hiyo haikutolewa ila baada ya kesi. Waya wa chini ya bahari uitwao Equiano, kwa jina la Olaudah Equiano aliyekuwa mtumwa akaandika maisha yake, ulitandazwa kutoka Ureno ukapita pwani ya magharibi ya Afrika, ukafika Afrika Kusini mwaka 2022. Mwezi wa Mei mwaka 2024 ulitangazwa waya mwingine, wa kutoka Kenya kwa nchi kavu kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia, na Zimbabwe hata Afrika Kusini, na kutoka huko kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Australia. Waya huo umepewa jina la Kiswahili, Umoja.

Si kila kazi iliyofanywa Afrika ya Mashariki iliyodumu. Mwezi wa Julai mwaka 2020 kampuni iitwayo Loon, mtoto wa Alphabet, ikishirikiana na Telkom ya Kenya, ilirusha vibofu 35 juu angani, vikatandaza mawasiliano katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000 magharibi na katikati ya Kenya. Mwezi wa Januari mwaka 2021 Alphabet ilitangaza kwamba haikuona njia ya kupata faida, na kazi ikafungwa. Lugha nayo, ikitunzwa na mwenye biashara, hukaa chini ya hukumu kama hiyo.

Tukio la kwanza lililokiingiza Kiswahili katika kampuni hii lilikuwa la unyenyekevu, tena la kuchekesha. Mwaka 2001 Google ilifungua mlango kwa watu wa kujitolea waje wayatafsiri maneno ya ukurasa wake kwa lugha zao. Kiswahili kilikuwamo katika orodha hiyo, pamoja na lugha za mataifa makubwa. Kilikuwamo pia Kiklingon, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya michezo ya sinema, ambayo haina kijiji hata kimoja duniani. Hapakuwa na kamati iliyopima nani anastahili kutafsiri. Kiswahili kilipata nafasi yake kwa sababu palitokea watu walioipenda kazi.

Kazi ya namna hiyo baadaye ilihamia kwa wafasiri wa kulipwa, na matunda yake yanaonekana wazi katika simu. Hapa inafaa kutua kidogo, kwani maneno yenyewe yanastahili kutazamwa na wanaleksikografia, nayo si mabaya kama wengine wanavyodhani. Yatazamwe *pakia* na *pakua*. Mtu wa pwani hupakia jahazi shehena, na hupakua shehena hiyo bandarini. Tena mwanamke hupakua chakula kutoka chunguni. Katika simu, kupakia ni kuipeleka habari katika mtambo wa mbali, na kupakua ni kuiteremsha kutoka huko. Jozi hii imetimia kwa maana na kwa umbo, kwani kiambishi cha kutendua kinafanya kazi yake ya asili. Neno *kivinjari*, yaani programu ya kutembelea kurasa za intaneti, limetolewa katika kitenzi *vinjari*, ambacho wazee walikitumia kwa chombo kinachozunguka baharini kwa kupeleleza au kulinda. Neno *kiungo* lilikuwa la mwili na la mchuzi, sasa ni la kurasa pia, na hakuna aliyepotezwa nalo.

Mengine yanataka mjadala. *Ghairi* ilikuwa kubadili nia, nayo ni tendo la moyo wa mtu. Katika simu imekuwa amri ya kukatiza shughuli, na kijana aliyejifunza neno hilo kwenye kioo yamkini hataijua kabisa maana ya kwanza. *Mipangilio* ni jina jema, lakini limepewa mzigo wa kutaja kila namna ya kurekebisha kifaa. *Sasisha* imeundwa kwa kukitia kielezi *sasa* kiambishi cha kusababisha. Sarufi ya vitabu vya zamani isingeiruhusu kwa urahisi, ingawa Kiswahili kinayo desturi ya kutoa vitenzi katika maneno yasiyo vitenzi, kama *bahatisha* na *hakikisha*. *Nenosiri* limeunganishwa likawa neno moja, badala ya *neno la siri*, kwa mfano wa *batamzinga*. Na mahali palipokuwa na ushindani, Tanzania wakisema *kompyuta* na vitabu vya Kenya vikipendelea *tarakilishi*, simu ilishika *kompyuta*, na bila ya kusema neno ikawa imeamua shauri lililowachosha wajumbe wa mikutano kwa miaka.

Lipo neno moja ambalo mfasiri wake, awaye yote, anastahili sifa. Kurasa nyingi za intaneti huacha katika kompyuta ya msomaji kijifaili kidogo chenye kukumbuka alikopita, ili matangazo yamfuate. Waingereza na Wamarekani wamekipa kijifaili hicho jina la kitafunio kitamu, ambalo halimtishi mtu. Katika Kiswahili cha Google vinaitwa *vidakuzi*, na asili yake ni kitenzi *dakua*, kutoboa siri za watu. Msomaji wa Kiswahili akiulizwa kama anakubali vidakuzi, ameambiwa ukweli ambao msomaji wa Kiingereza amefichwa.

Maneno ya kioo yanaonekana, na kwa sababu hiyo yanaweza kukosolewa. Shida kubwa zaidi imo katika yale yasiyoonekana, yaani katika mtambo wa kutafsiri. Kiswahili kilitiwa katika mtambo huo mwaka 2009. Wakati huo ulifanya kazi kwa hesabu ya mapatano: ulipewa maandishi mengi yaliyopo katika lugha mbili, ukahesabu fungu gani la maneno huandamana na fungu gani, ukabahatisha tafsiri iliyoelekea kuwa sawa. Kwa lugha 6 za Umoja wa Mataifa, na kwa lugha za Bunge la Ulaya, maandishi ya namna hiyo yalikuwa tele, kwani wafasiri wa kiserikali walikwisha kuyaandika kwa miaka mingi. Kiswahili hakikuwamo katika mabaraza hayo. Maandishi sambamba yaliyopatikana kwa urahisi kwa lugha za Afrika aghalabu yalikuwa ya dini, na mtambo uliolelewa kwa Biblia husema kwa sauti ya Biblia hata unapotakiwa kutafsiri bei ya mahindi.

Haja ya maandishi ilikuwa ikijulikana ndani ya kampuni yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, waandike makala kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003 na ilikuwa bado changa. Zawadi zilikuwa kompyuta, simu, na vifaa vya intaneti. Mamia ya makala yaliandikwa kwa miezi michache. Wikipedia ya Kiswahili ikanenepa, ikawa miongoni mwa zilizo kubwa katika lugha za Afrika. Lakini baadhi ya makala yalipitishwa kwenye chombo cha kutafsiri pasipo kusahihishwa vya kutosha, na wahariri wa kujitolea waliobaki nyuma ndio waliobeba kazi ya kusafisha. Wengi wa washindani hawakurudi tena mashindano yalipokwisha. Wahariri hao walisikitika kwa hilo kuliko makosa ya sarufi, nao walikuwa na haki: kosa la sarufi husahihishwa kwa dakika moja, ila mwandishi hafanywi kwa zawadi ya mara moja.

Tangu mwaka 2016 kampuni ilianza kuacha hesabu ya mafungu na kushika njia ya mitandao ya nyuroni, na mwaka 2017 wachunguzi wake walichapisha mtindo wa mtandao ambao sasa ndio msingi wa karibu mitambo yote ya lugha duniani. Tafsiri za Kiswahili zilinyooka sana. Upatanisho wa ngeli, uliokuwa ukivunjika kila sentensi ilipokuwa ndefu, sasa hushikamana. *Kitabu* huchukua *kimepotea*, hata yakiingia maneno kumi katikati. Mafanikio haya si madogo, na si haki kuyadharau. Lakini unyofu wa sentensi umeleta hatari yake: kosa la zamani lilijitangaza lenyewe kwa ulemavu wake, na kosa la sasa hupita limevaa vizuri.

Mifano miwili yatosha. Kiambishi *a-* cha *amekuja* hakisemi kama aliyekuja ni mume au mke, na Kiswahili hakina haja ya kujua. Kiingereza kina haja hiyo, kwa hiyo mtambo lazima uchague. Na uchaguzi wake hutokana na desturi za maandishi uliyoyasoma, ambamo daktari ni mwanamume na muuguzi ni mwanamke. Mwaka 2018 Google ilikiri tatizo hili, ikaanza kutoa tafsiri mbili kwa Kituruki, ambacho kina hali kama hiyo. Mfano wa pili ni wa saa. Simu iliyowekwa Kiswahili huandika 8:00 pale ambapo msemaji husema *saa mbili*. Lugha ya maneno ni ya Kiswahili na hesabu ya siku ni ya Kizungu, na mtoto hukua akisoma moja na kusema nyingine. Hakuna kamati ya Kiswahili iliyopata kuamua kwamba siku ianze usiku wa manane badala ya mapambazuko.

Juu ya lahaja kuna machache ya kusema, kwa kuwa yaliyofanywa ni machache. Mtambo unajua Kiswahili kimoja. Mtu wa Lamu akiuandikia Kiamu, au mtu wa Lubumbashi akiuandikia kama asemavyo nyumbani, utamsoma kama mtu mwenye kukosea. Mwezi wa Juni mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mara moja, robo yake hivi zikiwa za Afrika, na Kijaluo, Kiacholi, Kialur, na Kirundi zilikuwamo. Majirani wa Kiswahili wamepata nafasi. Ndugu zake wa tumbo moja hawajapata.

Wingi huo wa lugha umewezekana kwa sababu mitambo sasa hulishwa maandishi yaliyokokotwa kutoka intaneti kwa majembe makubwa, pasipo mtu kuyachambua. Mwaka 2021 wachunguzi wengi, baadhi wakiwa wa Google yenyewe na baadhi wa Masakhane, jumuiya ya wataalamu wa Kiafrika wa mitambo ya lugha iliyoanza mwaka 2019, waliyakagua kwa macho yao makusanyo 205 ya namna hiyo. Wasemaji walisoma sentensi moja moja. Makusanyo yasiyopungua 15 yalionekana kuwa hayana maandishi hata kidogo yawezayo kutumika. Lugha ilikuwa imetajwa kwa jina, na ndani yake mlikuwa na takataka za lugha nyingine. Na kwa kuwa kurasa nyingi sasa huandikwa na mitambo ya kutafsiri, mtambo hupata kula matapishi yake mwenyewe, na kosa lililoingia mara moja hurudi likiwa na ushahidi wa mara elfu.

Wakaguzi hao hawakuwa na siri yoyote ya kiufundi. Walikaa na kusoma, kama ambavyo wasaidizi wa Frederick Johnson walisoma vikaratasi vya maneno kabla ya kamusi ya mwaka 1939 kuchapwa. Mwaka 2023 Google ilikifungulia Kiswahili chombo chake cha mazungumzo, kilichoitwa Bard na ambacho tangu mwaka 2024 huitwa Gemini. Na kinachojibiwa humo hakichapishwi mahali pamoja, bali kila muulizaji hupewa jibu lake peke yake, nalo hupotea. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inaweza kufunguliwa ukurasa wowote na wasomaji wawili wakabishana juu ya maana iliyopigwa chapa. Kwa chombo hiki, mabishano ya namna hiyo yatataka kwanza mtu wa kukusanya majibu, kuyaandika tarehe, na kuyahifadhi, kazi ambayo vyuo vya lugha vimeizoea tangu zamani kwa hadithi na tenzi.